Mtoano wa NFL 2025: timu 14, mechi sita za kwanza na funzo la mjukuu wa Kiwanuka

Ijumaa, 10 Januari 2025

Usiku wa kuamkia Jumapili, saa sita na nusu kwa saa za Mpondwe, Bwera na Kasese, mpira utaanza kuchezwa mjini Houston, jimbo la Texas, na mtoano wa ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, utakuwa umefunguliwa. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, pale Kasindi, saa itakuwa tano na nusu, kwa kuwa mashariki mwa Kongo iko nyuma ya Uganda kwa saa moja. Timu 14 zimefuzu. Ifikapo tarehe 9 Februari mjini New Orleans zitakuwa zimebaki mbili, na moja tu ndiyo itakayoinua kombe la Super Bowl.

Kwa wakazi wengi wa mpakani mchezo huu ni mgeni. Haujazi vibanda vya video kama ligi ya Uingereza inavyovijaza. Hata hivyo si mgeni kabisa kwa familia zenye ndugu Marekani. Buffalo na Houston, miji ambayo timu zake zimo katika mtoano wa mwaka huu, imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na baadhi yao walipitia kambi za Uganda kabla ya kuvuka bahari. Ndugu hao wanapopiga simu mwezi Januari, habari za timu ya mji wao mpya huja pamoja na habari za baridi na za watoto. Tena, historia ya mtoano huu ina jina ambalo Uganda nzima inalijua: Kiwanuka.

Makala haya yanaeleza jinsi mtoano unavyopangwa, nani anakutana na nani na saa ngapi, na kwa nini timu iliyo chini katika orodha haifai kudharauliwa.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu 11 kila upande, kwa robo nne za dakika 15 kila moja. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10, yaani mita tisa na kidogo. Ikifaulu, hupewa majaribio mengine manne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani mahali pale pale. Ndiyo maana, likibaki jaribio la nne, timu nyingi huona heri kuupiga mpira mbali kwa mguu ili wapinzani waanzie nyuma.

Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani, iwe kwa kukimbia nao au kwa kuudaka humo, huitwa tachidauni na huleta pointi sita. Baada ya hapo timu hupata nafasi ya kuongeza pointi moja kwa teke, au mbili kwa kuuingiza mpira tena kwa mchezo mmoja. Teke linalopita katikati ya milingoti bila tachidauni huleta pointi tatu.

Anayeongoza mashambulizi ni kwotabeki. Yeye hupokea mpira, huusoma ulinzi ulio mbele yake, na ndani ya sekunde mbili tatu huamua kama atautupa kwa mwenzake, ataukabidhi kwa mkimbiaji au atakimbia nao mwenyewe. Kazi ya walinzi ni kumwangusha kabla hajaamua. Majina mengi yatakayosikika katika wiki hizi ni ya makwotabeki, ingawa mechi nyingi za Januari huamuliwa na walinzi.

Orodha hupangwaje?

NFL ina timu 32, zilizogawanywa katika matawi mawili, AFC na NFC. Kila tawi lina timu 16, katika makundi manne ya timu nne nne. Tangu mwaka 2021 kila timu hucheza mechi 17 katika msimu wa kawaida. Hakuna kupanda wala kushuka daraja.

Mwisho wa msimu kila tawi hutoa timu saba. Washindi wa makundi manne hupewa nafasi ya kwanza hadi ya nne, kwa kufuata matokeo yao. Nafasi ya tano, ya sita na ya saba huenda kwa timu tatu zenye matokeo bora zaidi kati ya zile ambazo hazikuongoza makundi yao. Mpango huu wa timu saba ulianza katika msimu wa 2020. Kabla ya hapo zilikuwa sita.

Hapa ndipo penye jambo linalomshangaza mtu aliyezoea jedwali la soka. Timu inaweza kushinda mechi nyingi kuliko nyingine na bado ikawekwa chini yake. Minnesota Vikings wameshinda mechi 14 na kupoteza tatu. Los Angeles Rams wameshinda 10 na kupoteza saba. Lakini Rams wameongoza kundi lao, ilhali Vikings walimaliza nyuma ya Detroit Lions, waliowafunga 31-9 Jumapili iliyopita katika mechi ya mwisho. Kwa hiyo Rams ni wa nne, Vikings ni wa tano, na Rams ndio wenyeji. Kabla ya Vikings hawa haikuwahi kutokea timu yenye ushindi 14 kuingia mtoano bila kuongoza kundi lake.

Timu ya kwanza katika kila tawi hupumzika katika raundi ya ufunguzi. Waliobaki hupambana hivi: wa pili na wa saba, wa tatu na wa sita, wa nne na wa tano. Katika raundi inayofuata, timu ya kwanza hukutana na ile ya chini kabisa iliyosalia. Baada ya hapo huja fainali za matawi, kisha Super Bowl kati ya bingwa wa AFC na bingwa wa NFC. Hakuna marudiano ya nyumbani na ugenini kama katika hatua za mtoano za Klabu Bingwa Afrika, wala hakuna sare. Mchezo huu huuchosha na kuuumiza mwili mno kiasi kwamba timu haiwezi kucheza mara mbili kwa wiki, hivyo kila kitu huamuliwa kwa mechi moja.

Faida ya mwenyeji basi si ndogo. Wachezaji wanaoshambulia huelewana kwa sauti kabla ya kila mchezo kuanza, na mashabiki wa nyumbani hupiga kelele makusudi wakati wageni wana mpira, ili wasisikilizane. Mwenyeji hasafiri, na hali ya hewa ameizoea. Timu kutoka mji wenye joto inayokwenda Buffalo au Green Bay mwezi Januari hukuta theluji na upepo unaoufanya mpira uwe mgumu kama gogo.

Mechi sita za kwanza

Katika nambari zinazofuata, ya kwanza ni mechi zilizoshindwa na timu husika msimu huu, na ya pili ni zile ilizopoteza.

Los Angeles Chargers (11-6) kwa Houston Texans (10-7). Chargers wamo chini ya kocha Jim Harbaugh, aliye katika msimu wake wa kwanza na timu hiyo. Kwotabeki wao, Justin Herbert, alitupa mpira mikononi mwa wapinzani mara tatu tu katika msimu mzima, idadi ndogo mno kwa mtu anayetupa mamia ya mipira. Texans wanamtegemea C.J. Stroud, aliye katika mwaka wake wa pili. Houston haijawahi kufika hata fainali ya tawi, na Chargers walicheza Super Bowl mara moja tu, Januari 1995, wakapoteza.

Pittsburgh Steelers (10-7) kwa Baltimore Ravens (12-5). Hawa ni mahasimu wa kundi moja, na msimu huu kila mmoja amemfunga mwenzake mara moja: Pittsburgh 18-16 mwezi Novemba, Baltimore 34-17 mwezi Desemba. Steelers wanaingia wakiwa wamepoteza mechi nne mfululizo. Ravens wana Lamar Jackson, aliyetupa tachidauni 41 na kunyang'anywa mpira angani mara nne tu, pamoja na mkimbiaji Derrick Henry, aliyekimbia yadi 1,921. Mlinzi anayeamua kumfuata Jackson humwachia Henry njia, na anayemngoja Henry humpa Jackson nafasi ya kutupa.

Denver Broncos (10-7) kwa Buffalo Bills (13-4). Denver hawajacheza mtoano tangu waliposhinda Super Bowl ya Februari 2016. Wamerudi wakiongozwa na Bo Nix, kwotabeki aliye katika mwaka wake wa kwanza. Wenyeji wao wana Josh Allen, mwenye nguvu za kuvunja ulinzi kwa miguu na mkono wa kutupa mbali. Buffalo ni mji wenye kidonda cha kale: kati ya mwaka 1991 na 1994 timu yao ilicheza Super Bowl nne mfululizo na kupoteza zote nne. Hadi leo hawajawahi kushinda hata moja.

Green Bay Packers (11-6) kwa Philadelphia Eagles (14-3). Timu hizi zilikutana katika wiki ya kwanza ya msimu, si Marekani bali São Paulo, Brazil, na Eagles wakashinda 34-29. Tangu hapo mkimbiaji wao Saquon Barkley amepita yadi 2,000, kiwango ambacho ni wachache mno waliowahi kukifikia katika msimu mmoja. Packers ni wa saba, lakini mwaka jana pia walikuwa wa saba, wakaenda Dallas na kushinda 48-32. Walikuwa timu ya kwanza kutoka nafasi ya saba kushinda mechi ya mtoano tangu nafasi hiyo iwekwe.

Washington Commanders (12-5) kwa Tampa Bay Buccaneers (10-7). Mwaka mmoja uliopita Washington walishinda mechi nne na kupoteza 13. Mwaka huu, wakiwa na kwotabeki chipukizi Jayden Daniels, wamegeuka kabisa. Katika wiki ya kwanza ya msimu Tampa Bay waliwafunga 37-20, lakini siku hiyo Daniels alikuwa akicheza mechi yake ya kwanza katika ligi. Hapa tena kanuni ya makundi inafanya kazi: Washington wameshinda mechi mbili zaidi, na bado wao ndio wanaosafiri.

Minnesota Vikings (14-3) na Los Angeles Rams (10-7). Rams walipaswa kuwa nyumbani Inglewood. Lakini tangu Jumanne moto mkubwa unateketeza vitongoji vya Los Angeles, na zaidi ya watu laki moja wameamriwa kuhama makazi yao. Jana ligi ilitangaza kwamba mechi itahamishiwa Glendale, jimbo la Arizona. Rams walioongoza kundi lao ili wacheze mbele ya watu wao sasa watasafiri kama wageni wao, na baadhi ya watu hao hawana nyumba za kurudi. Mwezi Oktoba Rams waliwafunga Vikings 30-20. Kwotabeki wa Vikings, Sam Darnold, aliyepita timu kadhaa bila kutulia popote, ameupata msimu wake bora kuliko yote.

Saa za mechi kwa Mpondwe na Kasindi

Saa za Uganda ziko mbele ya zile za mashariki mwa Marekani kwa saa nane katika majira haya. Msikilizaji aliye upande wa Kongo, kuanzia Kasindi hadi Beni na Butembo, aondoe saa moja.

Chargers na Texans: saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumapili, 12 Januari. Kasindi ni saa tano na nusu usiku wa Jumamosi.

Steelers na Ravens: saa kumi alfajiri ya Jumapili. Kasindi ni saa tisa.

Broncos na Bills: saa tatu usiku wa Jumapili. Kasindi ni saa mbili usiku. Hii ndiyo mechi pekee ya raundi hii inayoanza kabla watu hawajalala.

Packers na Eagles: saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, 13 Januari. Kasindi ni saa tano na nusu usiku wa Jumapili.

Commanders na Buccaneers: saa kumi alfajiri ya Jumatatu. Kasindi ni saa tisa.

Vikings na Rams: saa kumi alfajiri ya Jumanne, 14 Januari. Kasindi ni saa tisa.

Wanaopumzika

Kansas City Chiefs (15-2) wanaongoza AFC. Wameshinda Super Bowl mbili zilizopita, na sasa wanatafuta ya tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna timu iliyowahi kulifanya. Kwotabeki wao Patrick Mahomes ndiye kizingiti cha kila mtu katika tawi hilo, na hakuna wanaolijua hilo kuliko Buffalo: Chiefs waliwatoa katika mtoano Januari 2021, Januari 2022 na Januari 2024. Bills waliwafunga Chiefs 30-21 mwezi Novemba, lakini mechi ya Novemba na ya Januari si kitu kimoja.

Katika NFC wanaopumzika ni Detroit Lions (15-2). Lions hawajawahi kucheza Super Bowl hata mara moja. Mwaka jana walibakiza nusu saa ya mchezo tu kufika huko: walikuwa mbele 24-7 wakati wa mapumziko dhidi ya San Francisco, wakapoteza 34-31. Sasa njia ya tawi lao inapita nyumbani kwao.

Kiwanuka: kutoka Kampala hadi Indianapolis

Anayeitazama orodha hii huenda akadhani kwamba Chiefs na Lions wameshafika New Orleans. Historia ya mtoano inamkanya asifanye haraka, na mfano ulio wazi zaidi unamhusu mtoto wa ukoo wa Uganda.

Benedicto Kiwanuka aliongoza chama cha Democratic Party, akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda katika kipindi cha serikali ya ndani mwaka 1962, na baadaye Jaji Mkuu wa kwanza Mganda. Tarehe 21 Septemba 1972 askari wa Idi Amin walimkamata mchana kweupe katika Mahakama Kuu mjini Kampala. Hakuonekana tena, na mwili wake haukupatikana. Mahakama ya Uganda humkumbuka kwa mhadhara wenye jina lake.

Mjukuu wake, Mathias Kiwanuka, alizaliwa mwaka 1983 mjini Indianapolis, Marekani, kwa wazazi waliotoka Uganda. Alisoma na kucheza katika mji huo, kisha Chuo cha Boston, na mwaka 2006 New York Giants wakamchagua akiwa wa 32, wa mwisho katika duru ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wapya. Alikuwa mlinzi: kazi yake ilikuwa kumfikia kwotabeki na kumwangusha.

Mwaka wake wa kwanza ulimpa doa. Mwezi Novemba 2006, dhidi ya Tennessee Titans, Giants waliingia robo ya mwisho wakiwa mbele 21-0. Titans walipunguza pengo, wakafika jaribio la nne na yadi 10 mbele yao. Kiwanuka alimkumbatia kwotabeki Vince Young. Ingetosha amwangushe chini. Akihofia kuadhibiwa kwa kumwangusha mtu ambaye huenda ameshautupa mpira, alimwachia. Young alikuwa bado anao. Alikimbia, Titans wakapata uhai, na Giants wakapoteza 24-21. Picha ya mikono ile inayofunguka ilirudiwa kwenye televisheni kwa siku nyingi.

Mwaka uliofuata, Novemba 2007, alivunjika mguu. Aliwatazama wenzake kutoka pembeni wakishinda mechi tatu mfululizo ugenini katika mtoano, na tarehe 3 Februari 2008 wakiwafunga New England Patriots 17-14. Patriots walikuwa wameshinda mechi 18 bila kupoteza hata moja. Uwanja ulikuwa ule ule wa Glendale ambako Vikings na Rams watakutana wiki hii. Mwaka 2010 akaumia shingo na kuukosa sehemu kubwa ya msimu.

Kisha ukaja msimu wa 2011. Zikiwa zimebaki mechi mbili, Giants walikuwa wameshinda saba na kupoteza saba. Walishinda hizo mbili, wakamaliza 9-7, na kwa kuwa kundi lao lilikuwa dhaifu mwaka ule, waliliongoza na kupewa nafasi ya nne. Katika msimu wa kawaida walikuwa wamefungwa pointi nyingi kuliko walizofunga.

Walianza mtoano nyumbani kwa kuwafunga Atlanta 24-2. Wakaenda Green Bay, kwa timu iliyokuwa imeshinda 15 na kupoteza moja, wakashinda 37-20. Wakaenda San Francisco na kushinda 20-17 katika muda wa nyongeza. Tarehe 5 Februari 2012 wakakutana tena na Patriots katika Super Bowl, na zamu hiyo Kiwanuka alikuwa uwanjani. Giants walishinda 21-17, kwa tachidauni iliyopatikana ikiwa imebaki chini ya dakika moja.

Uwanja wa fainali huteuliwa miaka kadhaa kabla, bila mtu kujua nani atafika. Mwaka ule ulikuwa Indianapolis. Mtu aliyemwachia Vince Young, aliyevunjika mguu na kuumia shingo, alitwaa ubingwa akiwa mchezaji katika mji aliozaliwa, akiwa na jina la babu yake mgongoni.

Funzo kwa mtazamaji wa wiki hii ni dogo lakini halisi. Nafasi katika orodha humpa mtu uwanja na mapumziko, haimpi ushindi. Rams na Texans, wote wa nne, wote 10-7, wana matokeo bora kuliko Giants wale. Na jinsi moto wa Los Angeles ulivyoonyesha, hata uwanja wa nyumbani waweza kupotea siku nne kabla ya mechi.

Wengine kutoka upande huu wa Afrika

Kiwanuka si pekee. Daniel Adongo, mchezaji wa raga kutoka Nairobi, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kuucheza mchezo huu, akawa Mkenya wa kwanza kuingia uwanjani katika NFL. Njia kama yake imekuwa pana zaidi: ligi sasa ina mpango wa kuwafundisha wanamichezo kutoka nchi nyingine. Jordan Mailata, mlinzi mkubwa wa kwotabeki wa Philadelphia atakayecheza usiku wa Jumapili, alitoka katika raga ya Australia kupitia mpango huo. Barani Afrika kazi ya ligi inaongozwa na Osi Umenyiora, mwenye asili ya Nigeria, aliyekuwa mwenzake Kiwanuka katika timu za 2007 na 2011. Mwaka 2023 kambi ya ligi hiyo ilifanyika Nairobi.

Macho ya wenye asili ya Kongo yako kwingine usiku wa leo. Andrew Mukuba, mlinzi wa Chuo Kikuu cha Texas, anacheza nusu fainali ya ubingwa wa vyuo dhidi ya Ohio State, kuanzia saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi kwa saa za Mpondwe, saa nane na nusu kwa Kasindi. Alizaliwa Zimbabwe kwa wazazi walioikimbia vita ya Kongo, na alifika Austin, Texas, akiwa na umri wa miaka tisa. Mashindano hayo si ya kulipwa kama NFL, lakini ndiko ligi inakochagua wachezaji wake kila mwezi Aprili.

Kwa vijana wa Kasese wanaotaka kuujaribu mchezo, mlango ulio karibu zaidi huenda ukawa futiboli ya bendera, aina isiyo na kuangushana. Mchezaji hufunga vitambaa kiunoni, na mlinzi akikichomoa kimoja mchezo husimama. Huchezwa na watu watano kila upande, wanaume na wanawake, hauhitaji kofia za chuma wala uwanja mkubwa, na utakuwa katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028.

Ratiba ya mbele

Raundi ya pili ya mtoano ni tarehe 18 na 19 Januari, ambapo Chiefs na Lions wataingia. Fainali za matawi ni Jumapili, 26 Januari. Super Bowl ya 59 itachezwa Jumapili, 9 Februari, mjini New Orleans, jimbo la Louisiana. Mpondwe itakuwa saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, na Kasindi saa saba na nusu.